Kuchora, kuandika, kuigiza au kuimba: sanaa ipi kwa kijana aliyetoka kwenye mapenzi ya mateso?

Watu wengi wanaoanzisha kikundi cha kuwasaidia vijana waliopigwa, kutishwa au kudhalilishwa na wapenzi wao huanza na mahesabu ya vifaa: manila ngapi, rangi kiasi gani, ukumbi wa nani. Ningeomba swali jingine litangulie hayo yote. Kazi atakayoitengeneza binti, iwe mchoro, shairi, wimbo au igizo, usiku huo italala wapi, na nani ataiona?

Nauliza hivyo kwa sababu ya maisha yalivyo mitaani kwetu. Binti wa miaka 18 aliyeachana na mwanamume aliyekuwa akimkagua simu kila jioni bado anaishi mtaa mmoja na mwanamume huyo. Analala kitanda kimoja na mdogo wake. Begi lake hupekuliwa na mama yake, wala si kwa ubaya. Mwingine alikwisha kuolewa, akarudi kwao na mtoto mgongoni, na sasa mashemeji wanapishana mlangoni kumbembeleza arudi. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi, na ingawa Mahakama ya Rufani ilikubali mwaka 2019 kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba, walioolewa wakiwa wadogo tunao, wamekaa nasi kwenye mkeka. Kwa vijana kama hawa mchoro unaweza kuwa dawa, na mchoro huo huo ukiangukia mikono isiyostahili unaweza kuleta kipigo kingine.

Wala si wachache. Shirika la Afya Duniani lilitoa makadirio mwaka 2024: kati ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 waliowahi kuwa na mpenzi au mume, karibu asilimia 24, yaani takriban milioni 19 duniani, watakuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono na mwenza wao kabla ya kutimiza miaka 20.

Basi hapa nalinganisha njia tano ambazo mtu mwenye kikundi kidogo na fedha kidogo anaweza kuzitumia: kuchora, kuandika, kuigiza, kuimba na kucheza, na kazi za nguo. Sitazipa nafasi sawa, kwa sababu hazina uzito sawa wala hatari sawa.

Kabla ya rangi na ngoma

Kama tukio ni la siku hizi hizi, sanaa ingoje. Aliyebakwa anatakiwa afike hospitali ndani ya saa 72 ili dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zifanye kazi, na kadiri anavyowahi ndivyo bora. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba ina muda wa saa 120. Tanzania kuna Dawati la Jinsia na Watoto polisi, kuna fomu ya polisi ya PF3 ya kwenda nayo hospitali, na katika baadhi ya hospitali kuna vituo vya Mkono kwa Mkono ambako daktari, polisi na mshauri nasaha wanapatikana mahali pamoja. Kenya fomu ni P3, na namba ya simu ya bure kwa ukatili wa kijinsia ni 1195. Kwa mtoto, namba 116 inafanya kazi nchi zote mbili.

Jambo la pili ni ahadi. Viongozi wa vikundi hupenda kusema, "Kila kitakachosemwa humu kitabaki humu." Usiahidi hivyo kwa mwenye umri chini ya miaka 18. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009 inamtaka mwanajamii anayejua mtoto anadhulumiwa atoe taarifa serikali ya mtaa. Mwambie kijana mapema, siku ya kwanza, kabla hajashika penseli: "Nitakutunzia mengi, lakini nikiona uhai wako uko hatarini nitamwambia mtu, na wewe utakuwa wa kwanza kujua nimemwambia nani." Kijana aliyezoea kudanganywa anaujua ukweli akiusikia.

Kuchora: pa kuanzia kwa walio wengi

Kuchora hakumlazimishi mtu kusema. Binti aliyekaa mwaka mzima akiambiwa "unazidisha", "unaota", "nani atakuamini wewe", amejifunza kuiogopa sauti yake. Ukimpa karatasi na rangi, ukakaa naye bila kumharakisha, unamrudishia nafasi ya kuamua: rangi gani, kubwa au ndogo, aanzie wapi, aishie wapi. Mtu aliyekuwa akiamuliwa nguo ya kuvaa na rafiki wa kuongea naye anauhitaji sana uamuzi huo mdogo. Tena gharama yake ni ndogo: manila chache, penseli za rangi au kreyoni, gundi, na ukuta.

Ila kuchora nako kuna aina zake, na tofauti ni kubwa. Aina ya kwanza ni ile ya kumwambia kijana, "Chora kilichokupata." Kwa siku za mwanzo mimi siikubali kabisa. Inamrudisha kwenye chumba kile bila kumwonyesha mlango wa kutokea, na anayeongoza mara nyingi si mshauri nasaha mwenye mafunzo ya kumtoa.

Aina ya pili ni Mti wa Uhai. Zoezi hili lilibuniwa katikati ya miaka ya 2000 na mwanasaikolojia Ncazelo Ncube wa Zimbabwe pamoja na David Denborough wa Australia, kwa ajili ya watoto waliopitia magumu kusini mwa Afrika. Kila mmoja anachora mti wake. Kwenye mizizi anaandika au kuchora alikotoka: kijiji, ukoo, bibi aliyemlea, wimbo anaoukumbuka. Ardhi ni maisha yake ya sasa ya kila siku. Shina ni yale anayoyaweza, matawi ni matumaini yake, majani ni watu wanaomjali, walio hai na waliotangulia, na matunda ni mema aliyopewa na wengine. Miti ikishakamilika inabandikwa ukutani pamoja, ikawa msitu. Hapo ndipo kikundi kinaanza kuzungumza juu ya dhoruba: misitu hupatwa na nini, na viumbe waliomo hufanya nini ili wanusurike? Kijana anazungumzia mateso akiwa amekwisha kuona kwa macho yake kwamba ana mizizi na ana watu. Mpangilio huo ndio siri ya zoezi, na anayeuruka akakimbilia dhoruba amebaki na karatasi zenye miti tu.

Nieleze jambo moja nililoliona. Binti mmoja alikaa kwenye majani muda mrefu kuliko wenzake, kisha akaandika, kwenye jani dogo la pembeni, "mama maandazi". Hakuwa ndugu yake. Alikuwa mama anayekaanga maandazi karibu na kijiwe cha bajaji, ambaye mara mbili alimficha nyuma ya meza yake na kumwazima simu ampigie dada yake. Katika mazungumzo yote ya awali, tulipomuuliza ana nani wa kumkimbilia, alijibu hana mtu. Hakudanganya, hakuwahi kumhesabu muuza maandazi kuwa mtu wa aina hiyo. Jani lile likawa sehemu ya mpango wake wa usalama: akitishwa tena, kituo cha kwanza kiko pale, na namba ya dada tayari mama anayo. Maswali yasingetufikisha hapo.

Aina ya tatu ni ramani ya mwili, ambayo ilipata umaarufu kupitia wanawake wanaoishi na VVU mjini Cape Town mwaka 2002. Mtu analala juu ya karatasi kubwa, mwenzake anazungusha kalamu kufuata umbo lake, kisha mwenyewe analijaza kwa rangi, alama na maneno: hapa panauma, hapa pana nguvu. Kazi zinazotokea ni za kushangaza kwa uzuri. Kwa vijana wetu, hata hivyo, mimi naiweka mbali na mwanzo. Kulala chini huku mkono wa mtu mwingine ukipita kando ya mapaja si jambo dogo kwa mtu aliyeguswa kwa nguvu. Na karatasi yenye urefu wa mtu huwezi kuificha. Akiitaka, mwache achore umbo dogo mwenyewe kwenye karatasi ya kawaida.

Hasara ya kuchora kwa ujumla ni hiyo hiyo ya karatasi kubaki. Dawa yake ni kabati lenye kufuli, kazi zenye alama aliyoichagua mwenyewe badala ya jina, na ruhusa ya wazi kwamba mwenye kazi anaweza kuichana wakati wowote bila kuulizwa sababu. Tena, usiwe mpiga ramli wa michoro. Nyekundu si lazima iwe hasira, na nyeusi si lazima iwe kifo. Pengine kreyoni ya bluu ilikwisha. Muulize, "Niambie kuhusu hapa," halafu sikiliza. Na picha za kazi zao kwa ajili ya ripoti ya mfadhili zisipigwe mpaka kila mmoja aulizwe peke yake, bila wenzake kumtazama, kwa sababu mbele ya kundi hakuna binti wa miaka 16 atakayekataa ombi la mtu mzima anayemnunulia soda.

Kuandika: kunafaa wachache, lakini kunawafaa sana

Mwaka 1986 wanasaikolojia wa Marekani James Pennebaker na Sandra Beall waliwapa wanafunzi wa chuo kazi ya kuandika dakika 15 kwa siku, siku 4 mfululizo. Wengine waliandika mambo mazito ya maisha yao, wengine mambo ya kawaida. Walioandika mazito, wakaeleza na hisia zao, walitoka na huzuni zaidi siku zile zile, lakini miezi iliyofuata walikwenda kituo cha afya mara chache zaidi. Tangu hapo tafiti nyingi zimefuata, nyingine zikakuta faida ndogo, nyingine kubwa. Mimi nakazia ile sehemu ya kwanza: mtu anaweza kutoka akiwa na huzuni zaidi. Je, akitoka kwako saa kumi jioni na huzuni hiyo, anarudi kwa nani?

Daftari ndilo tatizo la pili. Kuandika kwenye simu ni kubaya zaidi, hasa kama neno la siri la simu mwanamume analijua. Na ile "barua isiyotumwa" kwa aliyemtesa, inayopendwa sana na wakufunzi, iandikwe kwenye karatasi tu. Ikiandikwa kwenye simu, usiku wa manane wenye uchungu, inatumwa.

Kuna namna moja ya kuandika ambayo naithamini kuliko insha na daftari la siri, nayo ni shairi la arudhi, yaani lenye kufuata kanuni za vina na mizani. Anayehesabu mizani (silabi) 16 katika mshororo, anayetafuta silabi zinazofanana za kina cha kati na cha mwisho, hawezi kuzama moja kwa moja kwenye jeraha. Sehemu ya akili yake iko kazini. Maumivu yanapita kwenye kipimo. Shairi pia linaweza kusomwa hadharani bila msikilizaji kujua ni kisa cha nani, kwa sababu washairi tangu zamani wamesema kwa mafumbo na hakuna anayeshangaa. Huu ni ubeti nilioutunga kwa ajili ya mazoezi:

Mlango nimeufunga, ufunguo nao mimi,
Maneno uliyotunga, kwangu tena hayachomi,
Ulinifanya mjinga, nikasahau usemi,
Leo sauti naunga, na wenzangu watu kumi.

Wape mishororo mitatu ya kwanza, waache watafute wa nne wao. Wengine watacheka wakikosa kina, watasaidiana, na anayejua watampigia makofi. Kicheko hicho nacho ni sehemu ya kupona. Kwa asiyejua kusoma vizuri, au aliyeacha shule akiwa darasa la tano akaolewa, usilete kalamu siku ya kwanza. Atakumbushwa aibu nyingine juu ya ile aliyokuja nayo.

Kuigiza: nguvu kubwa, hatari kubwa

Hapa nitasema kwa ukali kidogo kwa sababu igizo ndilo linalochaguliwa haraka kuliko vyote. Linavutia watu, wageni wa heshima wanalipenda, na Tanzania tuna historia nzuri nalo. Mwaka 1996 walimu wa sanaa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Penina Mlama, walianzisha mradi wa Tuseme katika shule za sekondari: wasichana wachunguze wenyewe kinachowakwamisha shuleni, wakiigize, wakijadili, wachukue hatua. Baadaye FAWE, shirika linalotetea elimu ya wasichana Afrika, liliusambaza katika nchi kadhaa za Afrika. Nyuma yake kuna fikra za tamthilia shirikishi, zilizo karibu na za Mbrazili Augusto Boal, ambaye kuanzia miaka ya 1970 alieneza igizo linalosimamishwa katikati, mtazamaji akapanda jukwaani kujaribu njia nyingine ya kulitatua.

Kwa kufundisha jamii, sijui njia bora zaidi. Mtazamaji anayepanda na kujaribu kumtetea binti anayevutwa mkono kituo cha daladala anajifunza kwa mwili wake, si kwa hotuba.

Lakini kufundisha jamii na kumponya aliyeumia ni kazi mbili tofauti. Tazama kinachotokea kwenye maonyesho ya mtaani mume anapompiga mke jukwaani: watu wanacheka. Hawacheki kwa roho mbaya; wamezoea vichekesho vya runinga ambamo kipigo ni utani. Sasa muweke katikati ya kicheko hicho binti aliyepigwa kweli, tena yeye ndiye aliyepewa nafasi ya mke kwa sababu "ataigiza kwa hisia". Umemrudisha kwenye kipigo na ukamwongezea hadhira. Au mwingine apewe nafasi ya mwanamume mkali, akaipatia mno, na wenzake wakaanza kumwogopa.

Ukichagua kuigiza, shika masharti haya bila kuyalegeza. Hadithi iwe ya kubuni, mahali pa kubuni, na isifanane na kisa cha yeyote aliyemo. Aliyeumia akae upande wa mwongozaji, awe ndiye mwenye kusema "simama, rudia, hapo asikubali," kwa sababu hapo anaongoza yale yaliyokuwa yakimwongoza. Kipigo kisionyeshwe, kisikike nje ya jukwaa au kisimuliwe. Na baada ya igizo kila mwigizaji avue uhusika kwa sauti: "Mimi si Shabani tena, mimi ni" fulani, jina lake. Linaonekana jambo la kitoto, lakini wakufunzi wa maigizo hawaliachi.

Kuimba na kucheza: kisichobaki begini

Wimbo hauachi karatasi. Hilo peke yake linaupandisha juu sana katika ulinganisho wangu. Zaidi ya hayo, muundo wa nyimbo zetu una nafasi ya asiye na maneno: kiongozi anaanzisha, wengine wanaitikia. Kijana ambaye mwezi mzima hajataka kuchangia chochote anaweza kuitikia tu, sauti yake ikafichwa na za wenzake, naye akawa amesema.

Ukitaka kuona jambo hili likifanyika kwa upana, tazama Bukavu, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa mwaka 1999 na Dkt. Denis Mukwege aliyepata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2018, imeshirikiana na shirika la Make Music Matter la Kanada katika mpango ambamo wanawake na wasichana waliofanyiwa ukatili hutunga na kurekodi nyimbo, mshauri nasaha na mtayarishaji wa muziki wakiwa nao studioni. Utafiti uliofanywa Kivu Kusini na kuchapishwa mwaka 2021 ulikuta dalili za wasiwasi, huzuni na athari za kiwewe zimepungua kwa walioshiriki, na nafuu hiyo iliendelea miezi kadhaa baada ya mpango kwisha. Angalia lakini: ndani ya chumba kile yupo mshauri nasaha. Si muziki peke yake.

Na si jambo geni kwetu. Siti binti Saad, aliyerekodi santuri zake Bombay kuanzia 1928, aliimba hadharani juu ya dhuluma walizofanyiwa wanawake wa Unguja, wakati ambapo mahakama haikuwa ikiwasikia.

Kurekodi ndiko kunakobadilisha hesabu. Wimbo ulioimbwa ukumbini umekwisha ukumbini. Uliorekodiwa kwenye simu ya mtu mmoja utafika kijiweni kesho. Amua mapema na uwaambie. Kuhusu kucheza, nitasema machache: mwili ulioumizwa unahitaji kujua tena kwamba ni wa mwenyewe, na ngoma inasaidia, ila milango ifungwe, wasiwepo watazamaji, anayetaka kukaa akae akipiga makofi, na wapiga ngoma wawe wanawake kama kikundi ni cha mabinti. Wazazi wengine hawatakubali ngoma wala muziki wa aina yoyote nje ya ibada. Usibishane nao. Kaswida na kwaya nazo zina kiitikio.

Kanga, fulana na sindano

Mwezi Oktoba mwaka 1990, katika mji wa Hyannis, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, wanawake walianika kwenye kamba fulana 31, kila moja imeandikwa na kuchorwa na mtu aliyepitia ukatili. Tangu hapo kamba za namna hiyo zimeanikwa katika nchi nyingi. Pwani yetu hatuhitaji kufundishwa kwamba nguo inasema. Kanga imewasemea wanawake zaidi ya miaka 100, na mwenye kuelewa anaelewa. Kikundi kinaweza kubuni maandishi ya kanga zao, wakayapaka kwa rangi ya kitambaa kwenye kipande cha kitambaa cha pamba kiitwacho marekani, wakakianika. Anayepita anasoma ujumbe, jina halipo.

Naiweka njia hii mwishoni mwa safari, si mwanzoni. Ni ya mtu aliyefikia kutaka kusema na dunia, na wapo wasiofikia hapo wala hawana deni. Kushona na kudarizi kwa ajili ya kuuza ni jambo zuri kwa kipato, na kipato kinamsaidia binti asirudi kwa mwanamume kwa sababu ya unga na kodi. Ila tenganisha saa ya kupona na saa ya biashara. Mkoba wenye kibandiko "umeshonwa na manusura wa ukatili" unauza jeraha la mtu, na atakayeubeba sokoni ni yeye.

Kwa hiyo, uchague nini?

Kama una mabinti kati ya wanane na kumi na wawili, ukumbi unaofungika na fedha za manila tu, chagua Mti wa Uhai kwa vikao vya kwanza na wimbo wa kufungia kila kikao. Michoro inafungua, wimbo unawarudisha pamoja kabla hawajatawanyika. Ukiwa na waliosoma hadi sekondari, ongeza shairi baada ya wiki chache. Kama kabati la kufuli huna na huna uwezo wa kulipata, geuza: wimbo uwe kazi kuu, na kuchora kufanyike kwenye udongo wa mfinyanzi au mchangani, ambako kazi inafutwa na mwenyewe kabla ya kuondoka.

Kama lengo lako ni kubadilisha fikra za mtaa, fanya igizo, lakini lifanye na vijana wengine, na waliopitia mateso wawe washauri wa mswada wakipenda.

Wavulana nao wapo. Wapo waliopigwa, waliotishiwa kuanikwa picha zao za utupu, waliodhalilishwa na wapenzi wakubwa kwao kwa umri na kwa pesa. Usiwachanganye na mabinti mwanzoni, na usidhani kuchora ni "mambo ya wasichana" kwao. Wengi wanafunguka kwenye utunzi wa mistari ya muziki wa kufokafoka, ambao nao una vina na mapigo ya kuhesabu kama shairi.

Kijana asiyelala, anayejikata, anayesema heri afe, au anayeganda na kutokusikia ukimwita, huyo amevuka mpaka wa sanaa ya kikundi. Mpeleke kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya wilaya au ya mkoa, uende naye mwenyewe, na nafasi yake kwenye mkeka ibaki wazi.

Na pengine huna kikundi. Una mpwa mmoja tu, amekuja kukaa kwako "likizo" na kila mtu nyumbani anajua si likizo. Kwa huyo mimi naacha rangi na kalamu zote, nanunua ukindu. Kusuka ukili, utepe wa ukindu unaoshonwa kuwa mkeka, ni kazi ya mikono inayokwenda polepole, macho yakiwa chini, watu wawili wakikaa ubavu kwa ubavu badala ya kutazamana. Hakuna mgeni atakayeuliza mnafanya nini. Kazi yenyewe inaweza kuachwa wazi sebuleni, shemeji akaja akakaa juu yake asijue lolote. Nunua ukindu uliokwisha kupakwa rangi kama yeye ni mgeni wa kusuka, umwanzishie ukili mwembamba, na umwache achague rangi zinavyofuatana. Usimwulize kitu siku za mwanzo. Akianza kusema, usiache kusuka ukamgeukia; endelea na mikono, mjibu kwa maneno machache, na ukisikia jambo la hospitali au la polisi, lichukue siku hiyo hiyo.